Masanduku 13 ya Gurgaon

Tarehe 29 Oktoba 1975, Mahakama ya Juu ya India ilitoa amri ambayo wakati mwingine wowote isingemkosesha mtu usingizi. Kulikuwa na filamu iliyonyimwa kibali, mtengenezaji wake kalalamika, na majaji wakasema wataitazama wenyewe tarehe 17 Novemba ndipo waamue kama serikali ilikuwa na haki ya kuizuia. Filamu iliitwa Kissa Kursi Ka, Kisa cha Kiti, na kiti chenyewe ni kile cha utawala. Zilibaki siku 19. Siku ilipowadia hapakuwa na cha kutazama. Serikali ilikuwa imetwaa mali yote ya filamu hiyo, nakala na negativu zake, na sasa ikawa inasema haionekani.

Mlalamikaji, Amrit Nahata, hakuwa mpinzani wa kuzaliwa. Alikuwa mbunge wa Congress, chama cha Waziri Mkuu Indira Gandhi mwenyewe, kutoka jimbo la Barmer huko jangwani Rajasthan, na wapiga kura walikuwa wamempeleka bungeni mara mbili, mwaka 1967 na 1971. Aliyajua mambo ya chama kwa kuyaona: vikao, wapambe, watu wanaopanda ghafla bila kujulikana wamepandishwa na nani. Akaandika tashtiti, akaiongoza mwenyewe, na akaipeleka kwa wakaguzi wa filamu Aprili 1975.

Hadithi yake haina mafumbo mazito. Mwanasiasa mlaghai aitwaye Gangaram, Gangu kwa kifupi, anautaka urais na anaupata. Anayebembelezwa naye njia nzima ni msichana aitwaye Janata, yaani Umma, na msichana huyo ni bubu. Anatazama tu, anadanganywa, anatazama tena. Pembeni wamo watu ambao mkazi yeyote wa Delhi angewatambua: mtakatifu wa yoga mwenye mlango wa wazi nyumbani kwa mkubwa, na katibu wa ofisini ambaye bila yeye hakuna anayepita. Lakini lililochoma zaidi, nadhani, ni alama ya uchaguzi ya chama cha Gangu. Vyama vya India hupewa picha ili hata asiyejua kusoma apige kura: ng'ombe na ndama, jembe, taa. Nahata alikipa chama cha Gangu picha ya gari. Gari la wananchi.

Kila Mhindi aliyesoma gazeti alijua gari hilo ni la nani. Sanjay Gandhi, mtoto wa pili wa Waziri Mkuu, alikuwa amekwenda Crewe, Uingereza, kujifunza kazi katika kiwanda cha Rolls-Royce, akarudi kabla ya kumaliza mafunzo. Mwaka 1970 serikali ya mama yake ilimkubalia mpango wa kuunda magari madogo 50,000 kwa mwaka. Hakuwa na uzoefu wa kuunda hata moja. Bansi Lal, waziri kiongozi wa jimbo la Haryana, akampatia karibu ekari 300 pale Gurgaon, nje kidogo ya Delhi, na kampuni ikaitwa Maruti, jina la mungu mwenye umbo la nyani, mwana wa upepo. Wabunge waliuliza maswali mwaka hadi mwaka. Majengo yalisimama, fedha za mawakala zilikusanywa, magari hayakutoka. Kufikia 1975 Gari la Wananchi lilikuwa mzaha wa taifa zima, ila mzaha wa kunong'onwa. Nahata aliuweka kwenye skrini.

Wakaguzi waligawanyika. Kamati ya kwanza haikuafikiana, shauri likapelekwa kwa kamati ya marejeo yenye watu saba, nayo ikaisukuma juu wizarani. Ofisi za umma zina kawaida hiyo: karatasi ikiwa ya moto, hupandishwa ghorofani. Filamu ilikuwa ingali njiani pale mambo makubwa zaidi yalipotokea.

Tarehe 12 Juni 1975, Jaji Jagmohanlal Sinha wa Mahakama Kuu ya Allahabad alimkuta Indira Gandhi na hatia ya kuvunja sheria za uchaguzi katika jimbo lake la Rae Bareli mwaka 1971. Ushindi ukafutwa, akazuiwa kugombea kwa miaka sita. Mlalamikaji alikuwa Raj Narain, ambaye Indira alikuwa amemshinda kwa kura nyingi, na makosa yenyewe yalikuwa ya aina ambayo viongozi wengi wangeyacheka: kumtumia mtumishi wa serikali kwenye kampeni, kujengewa majukwaa na maofisa wa jimbo. Wapinzani wakajaa mitaani wakimtaka ajiuzulu. Usiku wa tarehe 25 Juni, Rais Fakhruddin Ali Ahmed alitia saini tangazo la Hali ya Hatari. Usiku huohuo umeme ulikatwa katika mtaa wa Bahadur Shah Zafar, ilikokuwa mitambo ya magazeti ya Delhi, na kabla ya mapambazuko wapinzani walikuwa wanatolewa vitandani na kupelekwa mahabusu.

Katika siku hizo za mwanzo Waziri wa Habari alikuwa I.K. Gujral, mtu mpole wa kuongea. Inasimuliwa kwamba Sanjay, akiwa na umri wa miaka 28 na bila cheo chochote serikalini, alimtaka awe anampelekea taarifa za habari za redio azione kabla hazijasomwa. Gujral akajibu kwamba yeye ni waziri wa mama yake, si wake. Tarehe 28 Juni aliondolewa katika wizara hiyo, na baadaye akatumwa Moscow kuwa balozi. (Alirudi, na mwaka 1997 akawa Waziri Mkuu. Siasa za India hazimziki mtu moja kwa moja.) Nafasi yake ilishikwa na Vidya Charan Shukla, ambaye hakuhitaji kuambiwa jambo mara mbili.

Faili la Kissa Kursi Ka sasa lilikuwa mezani kwa Shukla. Wizara ilimwandikia Nahata ikimtaka aeleze kwa nini filamu isipigwe marufuku, na ikamwekea orodha ya pingamizi 51. Hapo ndipo ninapopenda kutua. Mtu akichora kinyago cha mlaghai asiye na jina, nawe ukamletea orodha ya mahali 51 anapofanana na bosi wako, nani kamtukana bosi? Wizara ilikuwa imefanya kazi ya uhakiki ambayo hakuna mhakiki angeifanya kwa bidii ile. Iliunganisha kila mhusika na mtu wake, kila kichekesho na kashfa yake, kisha ikapiga muhuri.

Jibu la Nahata la tarehe 11 Julai linachekesha kwa namna nyingine. Alisema wahusika wake wote ni wa kubuni tu, na hawamgusi mtu yeyote wala chama chochote cha siasa. Bila shaka alijua hasemi kweli, na aliyelisoma alijua anajua. Lakini angesema nini? Nchi ilikuwa na wiki mbili tu ndani ya Hali ya Hatari, wenzake wabunge walikuwa gerezani, na kukiri kwamba Gangu ana mtu wake kungekuwa kujifunga kamba mwenyewe. Ajabu ni kwamba aliandika kabisa, na alipokataliwa akaenda mahakamani. Wengi wenye vyeo vikubwa kuliko chake walikaa kimya miezi 21 mizima.

Kwa amri ya serikali, mikanda yote ikachukuliwa Bombay. Majaji walipopanga siku ya kuitazama, ikawa lazima isafirishwe kwenda Delhi. Yaliyofuata yalikuja kusimuliwa na waendesha mashtaka miaka miwili baadaye: masanduku 13 yenye mikanda 150 yaliwasili mji mkuu, yakaacha njia ya wizara, na kuishia Gurgaon ndani ya uzio wa Maruti. Huko, kati ya tarehe 10 na 24 Novemba 1975, mikanda ikachomwa moto. Kiwanda kilichopewa leseni ya kuunda magari 50,000 kwa mwaka kikapata kazi ya kufanya.

Ukiliangalia kwa makini, moto huo haukuwashwa kwa ajili ya watazamaji. Watazamaji walikwisha kuzuiwa: hakuna sinema hata moja India nzima ambayo ingeweza kuonyesha Kissa Kursi Ka bila kibali. Walioogopwa ni majaji wachache kwenye chumba kimoja chenye giza, ambao wangeweza kucheka mahali pasipotakiwa, au vibaya zaidi, wakaandika hukumu. Chuki dhidi ya filamu ilikuwa imegeuka kuwa chuki dhidi ya tarehe 17 Novemba.

Nahata hakuwa peke yake. Aandhi ya Gulzar, ambamo Suchitra Sen alicheza mwanasiasa mwanamke mwenye nywele na sari zilizowakumbusha watu mtu fulani, ilikuwa imekwisha kuonyeshwa majumba mengi ilipoondolewa. Hata Sholay, ambayo wapenzi wa filamu za Kihindi wa pwani yetu wanaweza kukutajia maneno yake kwa mpangilio, si ile waliyoipiga. Katika mwisho wa awali, Thakur asiye na mikono anamuua Gabbar Singh kwa kumkanyaga na viatu vyenye misumari. Wakaguzi wa mwaka 1975 hawakutaka raia ajichukulie sheria mkononi, hivyo polisi wanatokea dakika ya mwisho, wanatoa nasaha, na jambazi anatiwa pingu. Kishore Kumar naye, alipokataa kushirikiana na serikali katika kampeni zake, nyimbo zake zilifungiwa na redio ya taifa kuanzia Mei 1976. Hebu fikiria redio ya India bila Kishore. Ni kama kuamka uambiwe taarab imekatazwa Unguja.

Kumbe Shukla aliijua nguvu ya sinema kuliko wengi. Januari 1977 Indira Gandhi, kwa sababu ambazo wanahistoria bado wanazibishania, alitangaza uchaguzi na kuanza kuwaachia wafungwa. Mapema Februari, Jagjivan Ram, waziri mkongwe aliyeheshimiwa na mamilioni ya watu wa tabaka la chini, alijitoa serikalini. Wapinzani wakaitisha mkutano wake Jumapili katika uwanja wa Ramlila, Delhi. Jumapili jioni ndiyo saa televisheni ya taifa ilipokuwa ikionyesha filamu, na safari hii ratiba ilibadilishwa ghafla. Kukatangazwa Bobby ya Raj Kapoor, yenye Rishi Kapoor na Dimple Kapadia, mapenzi ya vijana yaliyokuwa yameitikisa nchi mwaka 1973. Nani angetoka nyumbani kwenda kusikiliza hotuba? Watu walitoka. Uwanja ulifurika, wengi wakiwa wametembea kwa miguu, na asubuhi yake gazeti moja liliandika kwamba Babu, yaani Jagjivan Ram, kamshinda Bobby. Waziri yuleyule aliyeificha filamu moja watu wasiione alikuwa amewafungulia nyingine wakae ndani.

Machi 1977 Congress ilianguka. Indira Gandhi alishindwa Rae Bareli na Raj Narain yuleyule, Sanjay akashindwa Amethi. Wengi hawakupiga kura kwa ajili ya filamu, ni kweli. Vijiji vya kaskazini vilikuwa na jambo lao zito zaidi: kampeni ya kufunga uzazi aliyoisukuma Sanjay, iliyopitia watu zaidi ya milioni 8 katika mwaka mmoja wa serikali, mara nyingi kwa walimu na makarani kutishiwa mishahara yao wasipotimiza idadi. Nahata naye alikuwa amehamia Janata, chama kipya kilichobeba jina la yule bubu wake, akachaguliwa tena, safari hii kutoka Pali.

Serikali mpya iliunda tume chini ya Jaji J.C. Shah, aliyewahi kuwa Jaji Mkuu, ichunguze maovu ya Hali ya Hatari. Kwa upande wa filamu, idara ya upelelezi, CBI, ilimkabidhi kazi N.K. Singh, ofisa ambaye Oktoba mwaka huo ndiye aliyemkamata Indira Gandhi mwenyewe kwa mashtaka mengine. Walipekua Maruti. Wakawahoji walinzi, madereva na wafanyakazi wa kiwanda, na baadhi ya waliohusika wakakubali kusamehewa ili wawe mashahidi wa serikali. Julai 1977 Sanjay Gandhi na V.C. Shukla walishtakiwa kwa kula njama na kuharibu mali iliyokuwa chini ya amana ya serikali.

Kesi ilipoanza kusikilizwa, ndimi zikaanza kugeuka. Shahidi baada ya shahidi, hasa wale wa kiwandani, alipanda kizimbani na kusema hakuona, hakusikia, au alilazimishwa na polisi kusema. Waendesha mashtaka wakaomba dhamana ya Sanjay ifutwe kwa sababu alikuwa anawachezea mashahidi. Mahakama Kuu ya Delhi ilikataa. Tarehe 5 Mei 1978 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu Y.V. Chandrachud, ilikubali, na mtoto wa aliyekuwa Waziri Mkuu akapelekwa gereza la Tihar kwa mwezi mmoja, hadi mashahidi muhimu wamalize kutoa ushahidi. Chandrachud alisema kwamba kufuta dhamana hakuhitaji ushahidi usioacha shaka yoyote kama unavyotakiwa katika kumtia mtu hatiani. Inatosha mizani ya mambo ionyeshe kwamba mshtakiwa anavuruga haki.

Hukumu ilikuja tarehe 27 Februari 1979, baada ya miezi 11 ya kusikilizwa, katika mahakama za Tis Hazari. Jaji O.N. Vohra aliwakuta wote wawili na hatia: njama, kuvunja uaminifu, uharibifu kwa moto, kupokea mali isiyo halali, kuficha ushahidi. Akawapa kifungo cha miaka miwili na mwezi mmoja kila mtu. Walikata rufaa.

Na hapa ndipo kalenda ilipowafaa. Serikali ya Janata ilikuwa inasambaratika kwa ugomvi wake yenyewe. Januari 1980 Indira Gandhi alirudi madarakani kwa kishindo, Sanjay akapata Amethi, Shukla akarudi bungeni. CBI iliyokuwa imewashtaki sasa ilikuwa chini ya serikali ya mama wa mshtakiwa. Tarehe 11 Aprili 1980 Mahakama ya Juu iliwaachia huru, ikisema upande wa mashtaka haukuthibitisha kesi yake pasi na shaka. Kisheria, basi, hakuna aliyechoma Kissa Kursi Ka. Mikanda yote iliyokuwa mikononi mwa serikali ilitoweka, na hakuna mtu hata mmoja aliyebaki na hatia ya kutoweka kwake.

Sanjay hakuishi kuufaidi ushindi huo. Asubuhi ya tarehe 23 Juni 1980 alirusha ndege ndogo ya michezo ya angani juu ya Delhi, ikamshinda, ikaanguka karibu na uwanja wa Safdarjung. Alikufa pamoja na rubani mwenzake, akiwa na miaka 33. Maruti ilichukuliwa na serikali, ikaingia ubia na Suzuki ya Japani, na Desemba 1983 gari la kwanza likatoka, dogo na la bei nafuu kama lilivyoahidiwa miaka 13 kabla. Vijana wa Nairobi wanaoziringia Maruti zao za barabara mbovu wanaendesha ukoo wa utani huo. Shukla aliendelea na siasa hadi uzeeni. Mei 2013 msafara wa Congress alimokuwamo ulivamiwa na waasi wa Kimao msituni Chhattisgarh, akajeruhiwa kwa risasi, na mwezi uliofuata akafariki.

Nahata aliipiga filamu yake upya baada ya ukombozi wa 1977. Manohar Singh akawa Gangu, na Shabana Azmi akawa Janata bubu. Ilipotoka mwaka 1978 haikwenda popote. Watu waliokuwa wamesikia kwa miaka mitatu habari za filamu iliyotisha serikali hadi ikachomwa, walikuta kichekesho kirefu, chenye kelele, kinachomwambia mtazamaji kila jambo mara tatu. Nimeitazama, na sioni sababu ya kuwalaumu waliotoka kabla haijaisha. Utani wa kunong'onwa una utamu wake, nao huisha siku kila mtu anapoweza kuusema kwa sauti. Wanaoisifu ile ya kwanza kuwa ilikuwa kali zaidi huenda wana haki. Hakuna njia ya kuwapinga.

Kilichodumu katika sakata lote hili ni ile amri ya Mei 1978. Wakili wa India anapotaka mtu mwenye nguvu arudishwe rumande kwa kuwatisha mashahidi, bado huinuka na kutaja kesi ya Sanjay Gandhi, na hakimu huandika namba yake bila kuuliza filamu gani.